Geti la Prosser

"Tumeelewana, Baba?" Roz alisimama mlangoni na gauni la kulalia, mikono kaikunja kifuani. "Giza likiingia hujafika, baiskeli hiyo anapewa mtu mwingine."

"Tumeelewana. Rudi ndani, utapata mafua."

Lionel Pugh alikuwa na miaka sabini na mitatu. Tangu astaafu kazi ya kupeleka barua, kila Desemba, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, alizunguka wilaya peke yake kwa baiskeli, maili sitini. Lakini Oktoba alianguka kwenye kona aliyoipita maisha yake yote. Alisema ni majani yaliyolowa barabarani. Roz hakuamini, na yeye mwenyewe, tuseme kweli, hakuwa na hakika.

Kwa hiyo siku nzima alikimbizana na jua, na jua la Desemba katika nchi ile ya baridi halina subira, saa kumi kasoro limeshazama. Alitazama saa kila kilima. Vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu, pua ikachuruzika, mashimo ya barabarani yakajaa maji hata usijue lipi la kukuzamisha. Kila alipopita kona alipunguza mwendo na moyo ukamdunda, kisha akajilaumu kwa dakika alizopoteza.

Saa saba u nusu aliingia kwenye mkahawa wa Glenys, kijijini, akanywa chai kwa mkate wa zabibu uliopakwa siagi. Muda alikuwa nao, ila wa kubana.

"Umepita malisho ya mtoni, Des?" Glenys aliuliza. Lionel alikuwa Baba kwa binti yake na Lionel kwa serikali tu, wengine wote walimwita Des na hakuna aliyekumbuka sababu. "Mto unapanda huo. Prosser kaacha geti la juu wazi tangu asubuhi, kondoo wake wapande mlimani wenyewe. Wana mimba wale, hawakimbizwi."

Lionel akaweka mkate chini. Lile geti alilikuta wazi alipopita. Akashuka, akapita, akalifunga, akasukuma na komeo.

Kule hata mtoto wa chekechea anajua: geti liache ulivyolikuta. Na huyu alifungua na kufunga mageti ya watu miaka thelathini.

Angesema pale pale, Glenys angepiga simu, mambo yakaisha. Mdomo ulifunguka. Ukasema, "Chai yako nzuri sana leo," na mzee akatoka. Aibu ya watu wa kule ni ugonjwa, mtu yuko radhi azame kuliko kukusumbua umtupie kamba.

Nje akageuza baiskeli. Nyumbani kulikuwa mbele, geti maili nane nyuma. Alikanyaga kama mtu anayefukuzwa, akiomba, yeye asiyeingia kanisani, wasiwe wamezama.

Hawakuwa wamezama. Walikuwa wamejibana getini, maji yakiwafika tumboni, wakilia. Lionel aliingia kwenye maji yale ya barafu hadi magotini, akavuta komeo, na kondoo wakampita wakimpiga vikumbo. Alishika nguzo ya geti akalia na yeye kidogo.

Prosser akaja na pikapu yake, matope hadi kwenye kofia.

"Des! Umeniokolea kundi, ndugu yangu! Ni mpumbavu gani wa mjini kafunga geti hili?"

"Mpumbavu ni mimi."

"Acha utani."

"Nimelifunga mchana. Nikaenda zangu."

Prosser alimtazama, akatazama geti, akajikohoza. "Basi, yamekwisha. Hamna aliyekufa." Kisha kwa haraka, "Roz kaniambia mlivyowekeana sharti la giza. Tupa baiskeli nyuma, nikushushe kona ya kwenu. Utaingia mlangoni unakanyaga, mwanga ungalipo. Mimi sijakuona."

Ilikuwa saa tisa na robo. Ingewezekana kabisa. Lionel alijaribu kukumbuka alikuwa akiwaza nini alipolisukuma lile komeo, labda saa, labda Roz. Hakukumbuka kitu. Hakukumbuka hata baridi ya chuma mkononi. Hapo ndipo alipoogopa kweli, kuliko mto, kuliko giza. Lile anguko la kona ya Oktoba nalo hakulikumbuka.

Akatoa simu.

"Baba? Uko wapi? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Niko kwa Prosser. Nilikuta geti la malisho ya mtoni liko wazi, nikalifunga."

Roz alikulia kule, sheria ya mageti aliijua.

"Wewe, Baba?"

"Mimi. Na sikumbuki nilivyolifunga, Roz. Njoo unichukue."

Alisubiri akemewe. Tangu Oktoba hakukuwa na siku iliyopita bila kukemewa, hata kwa kusahau kofia.

"Nakuja, Baba," Roz alisema taratibu. "Kaa hapo hapo. Nakuja."