Jumamosi ya Kutoa Vitanda

Sisi tuliokulia Panda, kwenye kambi za wafanyakazi, tuliijua Jumamosi ya kutoa vitanda kabla hatujajua kusoma. Kila mwisho wa kiangazi avenue nzima ilitoa vitanda nje siku moja, hata kile cha mwenye kujidai kuliko wote. Nyumba zilishikana mbili mbili kwa ukuta mmoja, kwa hiyo kunguni wa jirani walikuwa wako pia. Mama zetu walimwagia springi maji yanayochemka, magodoro yakachapwa fimbo na kuanikwa juani, nasi watoto tulikanda udongo wa kichuguu tukaziba kila ufa wa ukuta. Mchana tulikula bukari, ugali wetu, na ndakala, vidagaa vikavu, tukiwa tumekaa juu ya springi tupu, tukirukaruka mpaka tufukuzwe. Harufu ile ya sabuni na udongo mbichi naisikia mpaka leo.

Mwaka Papa alipofanywa kapita, msimamizi wa wenzake kazini, alitangaza kwamba kitanda cha kapita hakitoki nje. Watu wangesema nini? Alinunua sokoni unga mweupe uliofungwa kwenye kipande cha gazeti, hauna hata jina, muuzaji akimwapia kwamba unaua kila kitu. Akaunyunyiza chini ya godoro, akafunga madirisha, akaenda zake kazini akijiona mjanja. Mama alikuwa shambani. Mimi, bila kujua lolote, nikamlaza mdogo wangu Mado pale pale. Hakuwa hata na miaka miwili.

Alipoanza kukohoa nilidhani ni mafua. Halafu akatapika, pumzi ikawa ya kukatika. Nilimbeba mbio hadi kwa jirani wa ukuta wetu, naye akatukimbiza hospitali. Sijawahi kuogopa vile tena. Mado alilala huko siku mbili, akapona. Kunguni nao walihamia kwa jirani, wakapumzika, wakarudi wamenenepa.

Mama hakugomba. Jumamosi iliyofuata alimwambia Papa maneno machache tu:

“Kunguni haiko na haya. Ni weye njo uko na haya.”

Papa akavua shati lake la ukapita, akabeba kitanda hadi barabarani, mchana kweupe. Jirani alimtazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na chake.

Leo Mado ni bibi wa watu, na wajukuu zetu ni mabingwa. Mende mmoja anapuliziwa chupa nzima, kisha wao ndio wanaokimbia nyumba. Ukiwauliza ni dawa gani, wanakuambia inanukia maua. Zamani ukuta mmoja ulitutenganisha, tukajuana mpaka kunguni. Siku hizi kila mtu ana ukuta wake mrefu, wenye vipande vya chupa juu, na wanaotembeleana ni kunguni peke yao.

Juzi mjukuu wangu, ninayekaa naye, alirudi na chupa ya dawa ya kunguni isiyo na karatasi. Mtoto wake ndiyo kwanza anatambaa, na kila anachookota sakafuni anakionja. Niliichukua ile chupa, nikabandika maji motoni, nikamwambia ashike kitanda upande wa pili.

“Kaku, batu batasema nini?”

Nilimsikia Papa katika sauti yake. Tulikitoa uani, tukavuta na godoro, nikaanza kuchapa, na vumbi likapanda juu ya ukuta. Jirani yetu, kijana wa heshima ambaye kwa miaka mitatu tumesalimiana kwa honi ya gari lake, akachungulia.

“Mama, munahama?”

Jana tu ningesema ndiyo, kuficha aibu.

“Hapana, papa. Tuko na kunguni.”

Kichwa kikazama. Mjukuu wangu akafunika uso kwa aibu. Tukasikia minong'ono kwa jirani, mume na mke, kisha miguu ya kitanda ikikwaruza sementi kuelekea nje.

Nikamwambia aongeze maji motoni.