Gitaa Kavu Halishuki Jukwaani

Saa tatu asubuhi, chumba cha mbele cha nyumba hii kimejaa magodoro. Matano yamesimamishwa wima, yameegemezwa kwenye viti na meza, katikati ikabaki nafasi ya mtu mmoja kuketi. Ndani ya uzio huo yumo mwanamke wa miaka arobaini na minne, gitaa mapajani, maiki moja ikimtazama kwa karibu.

"Wifi, zima friji!" anapaza sauti.

"Nimeshazima!"

"Na feni?"

"Feni naizima, lakini tukifa na joto humu utatuzika wewe," wifi yake anajibu kutoka jikoni, kisha anacheka peke yake.

Nyumba inatulia. Mwanamke anapiga nyuzi zote sita, juu mpaka chini, taratibu. Kabla hajamaliza, pikipiki inapita nje ikinguruma. Anasonya, anafuta alichorekodi, anaanza upya. Ni mara ya nne asubuhi hii.

Mtaani wanamwita Mama Nyuzi. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akipiga gitaa kavu, lile la mbao lenye tundu kifuani, kwenye harusi, mikutano na hoteli. Hana kazi nyingine, na ukimuuliza swali hilo ujiandae.

"Watu wananiuliza, 'Sasa mchana unafanya kazi gani?' Jamani! Napiga gitaa. Daktari haulizwi hivyo. Fundi bomba haulizwi. Mimi nimesomesha watoto wawili kwa hizi nyuzi, halafu mtu ananiuliza kazi gani?"

Miaka mitatu iliyopita alikuwa akipiga mara tano kwa wiki. Mwanzoni mwa mwaka huu alibakiwa na siku moja tu, chakula cha mchana cha Ijumaa katika hoteli moja yenye ukumbi wa watu mia moja. Na hata hiyo ilikuwa inamponyoka. Meneja wa hoteli alimwita pembeni, akampa Ijumaa sita. Baada ya hapo angeletwa mpiga kinanda mwenye nyimbo zilizorekodiwa tayari.

"Aliniambia, 'Mama, gitaa lako likipita kwenye spika linalia kama bati. Wageni wanalalamika.' Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini moyoni nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma."

Kosa halikuwa la mikono yake wala la gitaa. Ili gitaa kavu lisikike ukumbini huchomekwa waya, na waya huo huanzia kwenye kinasa sauti kidogo kilichofichwa chini ya kijipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Hicho husikia nyuzi tu. Hakisikii mbao inavyotetemeka wala hewa inavyozunguka ndani ya tumbo la gitaa. Sauti inayofika kwenye spika inakuwa kali na nyembamba, kama kijiko kinachogonga ukingo wa sufuria.

Maiki ingesaidia, lakini jukwaani maiki inasikia kila kitu, zikiwemo spika zenyewe, na mara moja inaanza kupiga mluzi.

Basi akaanza kuhangaika. Masomo yake yote yalikuwa ya video za simu, akizitazama tena na tena huku akiandika kwenye daftari maneno asiyoyaelewa. Ndipo alipogundua kwamba mwili wa gitaa unaweza kupigwa picha, ila ni picha ya sauti. Unarekodi kwa wakati mmoja njia mbili, ile ya waya na ile ya maiki. Programu ya kompyuta inalinganisha hizo mbili, inatoa faili dogo lenye tofauti iliyopo kati yake, yaani namna mbao na hewa vinavyoitikia nyuzi. Sauti iliyomo kwenye faili hilo haifiki hata nusu sekunde. Unaliweka kwenye kisanduku cha dijitali miguuni pako, na waya ukipita humo, sauti inarudishiwa mwili wake.

"Wenyewe wanaita ai-ar," anasema. "Mimi naita picha ya kifua. Ukisema ai-ar mtu anafikiri umempeleka hospitali."

Kisanduku alikipata kwa mtu aliyekuwa amekitumia, baada ya kuuza kabati lake la vyombo lenye vioo. Sahani za wageni sasa zinakaa kwenye ndoo yenye kifuniko. Wifi yake, dada wa mumewe anayeishi naye hapa, bado hajalimeza hilo.

"Kabati lile! Nilikuwa nalifuta kila Jumamosi," wifi analalamika. "Nikamwambia, wifi, umerogwa. Umeuza kabati ununue tofali lenye taa?"

Na mwanzo ulikuwa wa kusikitisha. Picha ya kwanza aliirekodi sebuleni, chini ya bati tupu, maiki ikitazamana na tundu la gitaa. Alipoitumia hotelini, ukumbi mzima ulisikia gitaa lililofungiwa bafuni. Alikuwa amepiga picha ya kifua na ya sebule yake kwa pamoja! Meneja alipita pale akatikisa kichwa, na Ijumaa mbili zilikuwa zimeshapotea.

Ndipo magodoro yakasimama, yameze mwangwi wa chumba. La kwake, la watoto, la wifi, mawili ya jirani. Akajifunza kuisogeza maiki mbali na tundu, kuielekeza pale shingo inapokutana na mwili. Alirekodi mara kumi na saba.

"Godoro langu linanuka nyuzi," wifi anatania. "Ila ile ya kumi na saba, mimi nilikuwa jikoni, nikatoka kuangalia nani kaingia na gitaa. Ilikuwa spika."

Ijumaa ya tano alifika hotelini na kisanduku chake. Akamwendea fundi mitambo, bwana anayeketi nyuma ya mashine ya kuchanganya sauti, akamwomba kitu kimoja: vifundo vyote vya kurekebishia sauti ya gitaa vikae katikati, asipunguze wala asiongeze. Fundi huyo, kama mafundi wengi, akiona gitaa kavu tu mkono unaenda wenyewe, anakata ukali na kujaza besi.

"Dada, hii mashine naijua mimi," alimwambia.

"Mashine unaijua. Gitaa nalijua mimi."

Fundi akafanya alivyozoea. Mama Nyuzi akapiga mara moja, akasikia sauti imefukiwa. Akaweka kiganja juu ya nyuzi, akasogelea maiki ya kuimbia.

"Samahanini wapendwa, tunamsubiri fundi kidogo."

Uma zikasimama. Watu wakageuka kumtazama fundi. Meneja akaja mbio, jasho likimtoka.

"Mama, piga!"

"Sipigi."

"Unajua unachofanya?"

"Nimebakiza leo na Ijumaa moja, bosi. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa sauti yangu, sio kwa vifundo vya mtu."

Dakika mbili nzima zilipita, na dakika mbili za kimya jukwaani ni nyingi. Mwisho fundi akarudisha vifundo katikati, kimoja kimoja, akinung'unika kwamba wakiumbuka asitajwe.

Fundi mwenyewe ndiye anayesimulia kilichofuata, na anasimulia huku akijicheka. "Nilitoka nyuma ya mashine nikaenda kusimama mbele ya spika. Nikasema hapana, huyu mama kaficha maiki mahali. Nikaitafuta chini ya kiti, nyuma ya pazia. Hakuna maiki! Nilipiga magoti mbele za watu nikitafuta maiki isiyokuwepo."

Mpiga kinanda hakuletwa.

Maneno hayakukosa. Baadhi ya wapigaji wenzake wanasema anadanganya, kwamba sauti ile ni ya kompyuta. Akisikia hivyo anakunja uso.

"Uongo ulikuwa lile bati walilolisikia miaka yote. Gitaa langu halikuwahi kulia vile. Mimi nimewarudishia watu sauti ninayoisikia nikiwa nimelikumbatia. Anayeona ni uongo aje nyumbani asikilize mbao yenyewe, mlango uko wazi."

Wengine walikuja kweli. Gitaa lililo mapajani mwake asubuhi hii ni la mmoja wao, mpigaji aliyeachishwa kazi hoteli nyingine mwaka jana. Huyo ni wa tatu, na daftari lina majina tisa. Kila mmoja anapigiwa picha ya gitaa lake mwenyewe, bure, kwa sharti la kuja na godoro moja la akiba.

Lakini juzi hoteli ilimletea mkataba mpya. Mwaka mzima, Ijumaa na Jumapili. Hajawahi kupata mkataba wa mwaka tangu aanze kazi. Kifungu cha sita kinasema sauti zote zinazotumika jukwaani ni mali ya hoteli, na nakala ya faili ibaki kwao, ili mtu yeyote mwenye gitaa lolote aweze kuitumia.

Alimpigia meneja simu. Meneja akamwambia ni kulinda biashara tu. "Ukiugua je, tufanyeje?"

"Nikiugua mniombee nipone," akamjibu.

Wifi yake amekaa ukingoni mwa kiti, hacheki tena. "Saini, wifi. Mwaka mzima huo. Tutarudisha hata kabati."

Mama Nyuzi anachukua karatasi ya mkataba. Anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa. Ana ada ya muhula ujao kichwani, na anajua hoteli haina shida ya kupata mtu mwingine.

"Ninachotaka ni kitu kidogo," anasema hatimaye. "Hawa tisa warudi kwenye kumbi, kila mmoja na sauti yake, na asiambiwe apishe kinanda. Sasa mimi nikiuza ya kwangu, wao watadai nini? Wataambiwa, mbona mwenzenu alituachia? Hoteli wanaweza kunitoa, ukumbi ni wao. Lakini siku nikitoka, natoka na kila nilichoingia nacho. Hawabaki na kitu."

Anaweka karatasi juu ya mgongo wa gitaa, anavuta mstari mmoja mnene juu ya kifungu cha sita, mwanzo hadi mwisho. Kisha anasaini chini yake, jina lake lote, na kumpa wifi aipeleke kwa meneja.