Mwana Mpotevu na Jani la Isale

Jamani, nichekeni tu. Wiki iliyopita kila jioni niliwasimulia wanangu Biblia kitandani, kwa kukumbukakumbuka, bila kufungua kitabu. Mwana mpotevu nilimrudisha nyumbani akiwa ameshika isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha. Baba yake angekataaje?

Jumapili mchungaji akawauliza watoto mbele ya usharika mzima: "Mwana mpotevu alirudi na nini mkononi?"

Neema wangu, miaka mitano, akaruka: "Isale!"

Kanisa likaangua kicheko. Nami nikatanua kifua kama mwalimu aliyefaulisha.

"Nani kakufundisha, mama?" mchungaji akauliza.

"Baba! Na yeye alimpa mama isale, lakini mama bado kanuna. Ndiyo maana baba analala chumbani kwetu!"