Mama Mkwe wa Gereji ya Angani

Jumapili, tarehe sita mwezi wa nne. Mvua imeanza kabla ya alfajiri, mchana ikakatika kidogo, kisha ikarudi ile nyembamba isiyo na haraka. Sola imeonja jua hapo katikati tu, ndiyo maana sehemu ya mwisho ya katuni yetu tumeiangalia alasiri, kabla betri haijalegea.

Naandika habari za katuni. Najua ni jambo dogo. Mtu mzima mwenye wajukuu, elimu yangu ya darasa la saba, huku kijijini Mbuchi, nakaa kuandika katuni! Lakini wiki nzima nyumbani kwetu hatujazungumza kingine, nami nimechoka, na nikichoka huwa naandika. Kama nimekosea mahali, nimekosea kwa kutojua.

Kwa asiyeijua, ni katuni ya kuchekesha ya watu wenye gereji inayoelea juu angani. Wanatengeneza vyombo vibovu vinavyopita huko. Kuna fundi mwoga, kuna mashine ya mguu mmoja inayoogopa kutu, na kuna bibi mnene mwenye sauti ya kukwaruza, mama mkwe wa yule fundi. Tumeifuata miaka. Siyo kwa Kiingereza, maana hatukijui. Alikuwepo mtafsiri, mmoja wa wale wanaoongea juu ya picha mpaka sauti za wenyewe huzisikii. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kila akienda Kibiti anarushiwa kwenye flashi anatuletea.

Utamu wote ulikuwa kwa huyo mkwe. Fundi akiingia chumbani akamkuta, anainamisha kichwa anarudi kinyumenyume. Mkwe akila, fundi anajibanza nyuma ya mtungi wa gesi. Mtafsiri akisema, "Shikamoo mama, sikukuona mama, hata hiki kichwa si changu mama," sisi hoi. Nani hapa hajamkimbia mkwe? Mume wangu mwenyewe aliwahi kuingia majini na nguo zake alipomwona mama yangu anakuja njia ile ile.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za boti. Hospitali walisema ni presha ya macho. Kuona kumemtoka polepole, sasa anabaki na mwanga na vivuli. Redio aliiacha. Watu wakija kumpa pole anawaitikia vizuri, wakiondoka anajilaza akigeukia ukuta. Kilichobaki cha kukaa naye ni katuni hii, kwa sababu kwa yule mtafsiri haikuhitaji macho. Alikuwa anacheka kabla yangu mimi ninayeona.

Sasa sizoni ya mwisho imekuja haijatafsiriwa. Wengine wanasema mtafsiri ameacha kazi, wengine wanasema anaumwa. Sijui, sitaki kumsingizia. Shemeji aliileta hivyo hivyo, Kiingereza kitupu.

"Basi utanitafsiria wewe," mume wangu akasema.

"Mimi lugha naijulia wapi?"

"Macho unayo."

Nimefanya hivyo, na nimefanya vibaya. "Sasa fundi anaingia. Amesimama. Anasema kitu. Mashine inacheka." Yeye amekaa, mkono shavuni, haulizi. Nikaanza kuogopa kwamba na hii ataiacha kama alivyoiacha redio, na ikiwa hivyo sijui tutakaa na nini jioni.

Shemeji ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Siku moja mume wangu yuko msikitini, tulikuwa watatu barazani, mimi, yeye na mwalimu jirani yetu, dada mmoja wa bara aliyekuja kuchaji simu.

"Wameiharibu," shemeji akasema. "Fundi amekaa meza moja na mkwe wake, wanachovya bakuli moja! Sasa hapo pa kucheka ni wapi, shemeji? Watunzi wamechoka, wangeiacha tu."

"Mkwe yupi?" mwalimu akauliza.

"Yule bibi."

Mwalimu alicheka mpaka akashika nguzo. "Yule si mkwe wake! Ni bosi wake. Gereji ni ya yule bibi. Fundi anaogopa kufukuzwa kazi."

"Madamu, usituletee ya darasani hapa."

"Nasikia wanavyosema, baba. Tangu mwanzo wanamwita bosi."

"Mbona anarudi kinyumenyume?"

"Wewe bosi wako akikukuta umelala, hurudi kinyumenyume?"

"Mimi sina bosi. Mimi nina mkwe."

Hapo tulicheka wote, lakini shemeji aliondoka amenuna. Mwalimu akaniambia kuwa kwake sizoni hii ndiyo bora kuliko zote. Bibi amezeeka, anataka kufunga gereji, na yule fundi aliyekuwa akimkimbia sasa hataki aondoke. Alisema alilia. Shemeji naye anasema katuni ya kuchekesha ikikuliza imekuibia. Nikimsikiliza huyu namwona sawa, nikimsikiliza yule namwona sawa. Mimi mwenyewe sizoni hii imenichosha, lakini siwezi kusema ni ubaya wake au ni kazi ya kuieleza kwa maneno nisiyoyajua.

Kilichonilemea ni mume wangu. Mwalimu alijitolea kuja leo atafsiri mwisho wote sawasawa. Nikikubali, mkwe wake wa miaka yote anakufa kwa neno moja. Nikikataa, namficha mtu asiyeona kitu ambacho kila mwenye macho na masikio anaweza kukipata. Nimezunguka nalo tangu juzi, nimeunguza maharage. Leo baada ya kumpa chai nikaona si haki yangu kumchagulia. Nikamweleza lote.

Akakizungusha kikombe mkononi.

"Bosi," akasema.

"Ndivyo anavyosema mwalimu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui Kiingereza."

"Kiingereza sijakuuliza."

Nikafikiri kwanza, maana sikutaka kumfurahisha tu. "Mimi miaka yote nimemwona mkwe," nikasema.

"Basi mwalimu asije leo. Washa."

Shemeji alikataa kukaa. Alishadokezwa mwisho wake huko Kibiti, akasema hawezi kutazama ujinga ule. Tukawa wawili. Nikaeleza kama kawaida yangu. Wanabeba vyombo. Mashine imekaa peke yake. Bibi anazima taa moja moja. Fundi amesimama mlangoni. Kisha nikakwama.

"Mbona umenyamaza?"

"Anamkumbatia."

"Nani anamkumbatia nani?"

"Fundi. Anamkumbatia mkwe wake."

Mume wangu akainua kidevu, akatoa ile sauti ya mtafsiri, ya puani kabisa. "Samahani mama, nimeteleza mama, sakafu hii ina oili mama."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana kwenye picha bibi alikuwa analia. Nikamwambia hivyo, kwamba analia.

"Moshi wa gereji huo, mama, usijali mama."

"Bado hajamwachia," nikasema.

"Oili nyingi mama."

Ikaenda hivyo mpaka mwisho. Picha ilikuwa yangu, maneno yake. Aliposema wanarudi wote ndani, nilimkatalia, kwa kuwa hawakurudi. Bibi alipanda chombo kidogo akaondoka, fundi akabaki nje. Aliposema fundi anashukuru Mungu amepumzika na mkwe, sikumkatalia, ingawa uso wa fundi haukuwa wa mtu aliyepumzika. Labda ilifaa niseme. Sina hakika.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Nzuri?"

"Zile za mwanzo nzuri zaidi," nikasema. "Hii imenichosha. Lakini siichukii."

Akanyoosha miguu, akakaa akisikiliza mvua kidogo. Hakujilaza. Nilipokuwa natoa flashi akasema, "Kesho mwite yule mwalimu. Nataka kujua huyo bosi alimwambia nini mtu wake pale mlangoni."

Nikamwambia nitamwita, akija kuchaji simu.

Usiku tumekula ugali wa muhogo na kamba wakavu wa tui. Chumvi nilizidisha, naye aliniambia.