Ufagio Wangu na Taa ya Zahanati

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua kwamba sikuwahi kunyamaza kwa hiari. Mimi ni Mama Upendo, mzaliwa wa Bombo, ndoa ndiyo iliyonishusha hapa pembezoni mwa mji wa Same. Kwetu milimani msichana hufundishwa kufagia uwanja kabla jua halijatoka. Uwanja ukikutwa na majani asubuhi, watu wanajua nyumba hiyo ina mgonjwa au msiba. Nilishuka na desturi yangu nzima nzima. Alfajiri, wengine wakiwa bado kitandani, mimi nilikuwa nimeshainama na ufagio. Nilijisifu sana, siwafichi.

Kisha kikaja kikohozi. Nikasema ni baridi, nikajifungia jikoni kuota moto wa kuni. Ndipo nikazidiwa. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, makohozi mazito yana rangi ya udongo. Nililala nimekaa, nimeegemea mito. Kwenye kwaya nikawa nafumbua mdomo tu. Siku moja nikiwa bombani nilianguka, midomo imekuwa ya bluu, nikajikojolea mbele za watu. Nayasema haya kwa sababu aibu haijawahi kumponya mtu.

"Mama, hii ni pumu," daktari niliyepelekwa kwake akaniambia, akanipa dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Dawa itasaidia, lakini vumbi lisipopungua itabidi urudi milimani."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Yeye pia ni wa Bombo, lakini ni fundi cherehani, na wateja wake wako hapa mjini. Mimi kurudi Bombo kungekuwa ni kuachana bila talaka. Nililia.

Zahanati yetu imepakana na uwanja wangu. Ukutani kuna kisanduku cheupe kinachopima vumbi na moshi hewani, na chini yake taa: kijani hewa ikiwa safi, nyekundu ikichafuka. Nilikuwa nakipita kila siku bila habari nacho. Nesi Nakiete, anayekitunza, alinipa daftari niandike saa kila ninapobanwa na kifua. Baada ya wiki mbili akalilinganisha na kumbukumbu za kisanduku, kisha akanifuata nyumbani.

"Shikamoo mama," akasema, na asubuhi ile tulikuwa tumeshasalimiana. Nikajua kuna neno.

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Taa inakuwa nyekundu kila alfajiri ukianza kufagia, na wewe unabanwa saa hiyo hiyo. Zile siku ulizokuwa Bendera kwa dada yako, ilibaki kijani."

Kweli, kule Bendera nilipumua vizuri. Mgeni hapewi ufagio. Lakini nilikasirika. Mimi, msafi wa mtaa, niambiwe nachafua hewa? Nikamwambia kisanduku chake kina uongo.

Kesho yake nikauacha ufagio, nikakaa kuitazama taa. Kijani. Siku iliyofuata nikafagia kona moja tu. Ikageuka nyekundu mbele ya macho yangu. Nikakaa chini nikacheka mpaka nikakohoa.

Sasa nafagia asubuhi ikishakomaa, taa ikiwa kijani, na kwanza nanyunyiza maji niliyooshea vyombo, maana maji ya Same hayamwagwi ovyo. Majani nayafukia, siyachomi tena. Dawa natumia kila siku hata nikijiona mzima. Majirani nao huchungulia taa kabla ya kushika ufagio. Na kwenye kwaya nimerudi, naimba sauti ya kwanza.

Namshukuru Mungu, mume wangu, Nakiete, na kile kisanduku kisichojua kumwonea mtu haya. Wewe unayekohoa, usisingizie baridi. Nenda ukapimwe, na ukiambiwa ukweli usiufukuze kama nilivyotaka kuufukuza mimi.

Mwezi uliopita mama mkwe alishuka kutoka Bombo na basi la kwanza. Alifika asubuhi bado mbichi, akasimama mlangoni mwa uwanja, akayaona majani yametapakaa. Mzigo ukamtoka mkononi.

"Nani mgonjwa humu?"

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Humu hakuna mgonjwa."