Vidole vya Kaka Baada ya Theluji

Kaka yangu alikwenda kaskazini kuteleza kwenye theluji akiwa na vidole kumi vya miguu. Naanza na hilo, kwa sababu kila ninachokumbuka kuhusu safari ile kinarudi kwenye miguu yake.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Tulipanga vyumba viwili Guangzhou, China, karibu na stesheni ya reli, mtaa wa masoko ya nguo za jumla. Kaka alilala chumba kimoja na mizigo. Mimi nililala chumba cha pili na mama mmoja wa Dar, mfanyabiashara mwenzetu, ambaye sote tulimwita shangazi. Kaka alinileta kutoka Unguja kwa sababu nilijua kuchagua nguo za kike. Kusema sikujua. Dukani nilishika kitambaa na kumtazama kaka, na yeye ndiye aliyebishana bei.

Karibu na mwaka mpya wa Kichina viwanda vilifungwa. Laoban wetu, yaani tajiri wa kiwanda alikonunua kaka mashati, alikuwa na shemeji yake kaskazini kabisa mwenye kilima cha kutelezea. Akatualika twende naye. Kaka hakukataa, mteja akialikwa akakataa, mzigo unaofuata huchelewa. Tukapanda treni siku nyingi. Kila asubuhi dirisha lilizidi kuganda, mpaka siku moja sikuona tena nje.

Kilima kilikuwa cheupe, kimya, na jua lilikuwepo lakini halikufanya kazi. Watu walishuka juu ya mbao mbili ndefu, watoto wadogo wakitupita kama mishale. Mimi nilikaa kwenye ukumbi wa kukodishia viatu, penye jiko la makaa.

Kaka akanicheka. "Nyumbani mama alikuuzisha barafu za mifuko mpaka ukachoka. Leo umeikuta mlima mzima, unaikimbia?"

"Nitakungoja hapa, kaka."

Adhuhuri ilipofika alichukua udhu kwenye bomba la maji ya moto pale ukumbini. Kaka hapangusi maji ya udhu. Alifundishwa hivyo na mwalimu wa chuo cha Kurani, ayaache yakauke yenyewe, na Unguja hukauka kabla hujatandika mswala. Alipokwisha kusali, akavaa soksi zake za pamba juu ya miguu mibichi, kisha akaibana ndani ya viatu vile vya plastiki ngumu vyenye vyuma vya kufunga.

Mzee aliyekodisha viatu aliona. Akaja mbio na soksi nene za sufu mkononi, akasema maneno mengi, akaonyesha miguu ya kaka, kisha akapitisha ubavu wa kiganja chake juu ya vidole vya miguu yake mwenyewe, kama mtu anayekata nyama.

"Ghali," kaka akamjibu kwa Kichina, na kumsukuma mkono kwa upole. Akanigeukia. "Umeona? Hata huku, mtu hawezi kukutazama mara mbili bila kutaka kukuuzia kitu."

Nilijua mzee yule hauzi. Sura ya mtu anayeuza nilikuwa nikiiona kila siku. Kaka alikuwa ananitazama, anatabasamu, laoban amesimama mlangoni anamngoja. Nikainamisha macho. Mzee alibaki na soksi zake, akawa ananitazama mimi.

Alasiri akafanya vilevile. Maji, sala, soksi mbichi, viatu.

Jua lilipokuwa linazama alirudi amechangamka. "Mwanzo madole yaliniuma sana, nikataka kurudi," aliniambia. "Sasa nimezoea. Hayaumi hata kidogo. Siyasikii kabisa."

Akavua. Vidole vilikuwa vya kijivu, kama vimepakwa majivu, na nilipoligusa dole gumba lilikuwa gumu kama mshumaa. Akavisogeza karibu na jiko, akaniambia nisimwambie laoban, asije akaonekana dhaifu mbele ya mwenyeji. Sikumwambia.

Kwenye treni ya kurudi yalitoka malengelenge yenye maji mekundu. Guangzhou kulikuwa na joto la unyevu, watu wako na mashati mepesi, na kaka akarudi sokoni kama kawaida. Alinunua makubazi makubwa, akazungushia vidole kitambaa. Shangazi akimuuliza, alijibu kuwa kiatu kimemchuna. Usiku wa kwanza nilidhani harufu inatoka kwenye ndoo ya taka. Nikaimwaga. Siku ya pili nikafua mapazia. Siku ya tatu niliokota kitambaa chake bafuni na nikaacha kutafuta.

Siku mbili zaidi nilizunguka na neno mdomoni. Nilimpikia shangazi chai, nikakaa mbele yake, nikaondoka. Asubuhi iliyofuata nilimshika kanga yake akiwa anatoka.

"Shangazi, miguu ya kaka imekufa."

Hakuuliza mara mbili. Aliingia chumbani kwa kaka bila kubisha hodi, akakaa kwenye robota la mashati.

"Lete mguu."

"Shangazi, ni mchubuko tu."

"Mimi nimezaa watano, hakuna aliyeniongopea akiwa ananuka. Lete mguu, baba."

Akafungua kitambaa. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi, vimekauka kama tende.

Hospitali daktari hakusema mengi. Alichukua kalamu ya wino wa buluu akachora mstari wa kukatia kwenye mguu. Mstari haukupita kwenye vidole. Ulipita nyuma ya vidole, kwenye unyayo wenyewe. Kisha akaweka karatasi ya kutia saini juu ya kitanda, akatoka, na shangazi akamfuata akilia kimyakimya.

Kaka aliutazama ule mstari muda mrefu.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu kule kule."

"Ungesema siku tuliyofika hapa, angechora wapi?"

Nikanyoosha mkono, nikamgusa kwenye ncha ya kidole cha mwisho, kile kidogo. Hakusikia nilipomgusa, ilibidi atazame ndipo aone nimeonyesha wapi.

Akaivuta karatasi, akatia saini.