Siku Nilizopimwa Pumzi

Ngazi za nyumba yetu ya Mji wa Kale zilikuwa kumi na nane, na mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, nilizipanda kwa vituo vitatu. Vali moja ya moyo iliharibika tangu homa ya viungo niliyougua utotoni, damu ikawa inarudi nyuma na kulundikana mapafuni.

Daktari alinipima pumzi kwa mashine yenye bomba la mpira na kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi. Msaidizi wake, mtu wa bara, ndiye aliyenitafsiria. Nilipokwisha kuvuta hewa akanihimiza, "Sasa toa roho! Toa yote, toa yote!"

Kwetu kutoa roho ni kufa. Nikalitema lile bomba. "Nitoe roho? Mimi n'mekuja kupowa, sikuja kufa!" Mama, aliyeketi kando, alikuwa ameshanivuta mkono tuondoke. Maskini, mwenzetu alikusudia pumzi tu. Tulipoelewana nikapuliza, na mstari ukatoka mfupi.

Mwishoni mwa miaka ya sitini wajomba zangu walinipeleka Uingereza. Nikapasuliwa kifua, nikatiwa vali ya kutengenezwa, kigololi ndani ya kizimba kidogo cha chuma. Nilirudi Mombasa nikidhani mambo yamekwisha. Daktari akanipima tena, na mstari ukawa mfupi kuliko wa kwanza.

Nilihamaki. Nimepasuliwa kama samaki wa kukaushwa, halafu pumzi ipungue! Akanieleza kwa upole, kupitia kwa msaidizi wake, kuwa mwanzoni huwa hivyo: mfupa wa kifua umekatwa, maumivu yanamzuia mtu kuvuta hewa hadi chini, na mapafu huchukua miezi kurudi. Akanipa chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira, niyahamishe maji kutoka hii hadi ile kwa kupuliza.

Mama hakusikia habari ya miezi. Alisikia "imepungua" basi. Akanihamishia chumba cha chini, akanikataza ngazi, akanikataza hata kupepea jiko la makaa. Nikawa mgeni wa heshima nyumbani kwetu. Nilipuliza chupa zangu asubuhi na jioni, huku nikiogopa kwamba pengine mama ndiye aliye sawa, na kwamba nitabaki vile maisha yangu yote.

Mwezi wa tano tangu nirudi, shangazi akaja kutoka Tononoka kutualika harusi ya binti yake. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu, "Huyu hawezi, wifi. Pumzi hana. Mtuwiye radhi."

Nikafoka. Nikamwambia mama kwamba mimi si yai, kwamba ngazi zile nitazipanda leo hii, kwamba sikupasuliwa kifua nije kuketishwa mkekani kutwa, kwamba harusini nitakwenda, nitapika, nitacheza chakacha, na anayetaka kunizuia na anifunge kamba! Kumpandishia mama sauti mbele ya wifi yake ni utovu mkubwa wa adabu, na nilijua. Shangazi akajitia kuutazama mlango.

Mama hakukasirika. Alinisogelea, macho yamemjaa machozi.

"Hukutua kuvuta pumzi," akasema. "Hata mara moja."

Mimi mwenyewe sikuwa nimetambua. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Hebu gomba tena, mwanangu," akasema, "nikusikize."